Mbegu Haivuki

Kazi yangu ni kuwanyang'anya watu viazi. Si viazi peke yake, nisijipunje. Nawanyang'anya pia machipukizi ya migomba, vipando vya mihogo, maharage ya mbegu, parachichi, na siku moja nilimnyang'anya bibi harusi maua aliyokuwa ameyabeba mapajani tangu Nairobi. Mimi ni mkaguzi wa mimea mpakani, upande wa Tanzania, na kazi hii nimeifanya muda mrefu kuliko nilivyokaa shule. Basi likisimama, abiria wanashuka na mizigo yao, nami nasimama nyuma ya meza ya chuma nimevaa glavu, nauliza swali lile lile: umebeba mmea wowote, mbegu yoyote, udongo wowote? Wote husema hapana. Kisha nafungua.

Nayasema haya mapema ili mtu asije akanionea huruma kabla ya wakati. Watu wa kazi yangu hatupendwi, na sina kinyongo na hilo. Kiazi cha mbegu kinaweza kubeba ugonjwa wa mnyauko ndani yake bila kuonyesha dalili hata moja, na mnyauko ukishaingia kwenye shamba la mtu, shamba hilo halifai tena kwa viazi kwa miaka. Nimeyaona mashamba hayo na nimewaona wenyewe wamekaa kando yake. Kwa hiyo bibi akilia mbele yangu kwa ajili ya viazi vitano alivyofunga kwenye ncha ya khanga, namwambia, pole mama, mbegu haivuki, halafu navitia kwenye pipa la kuchomwa. Wenzangu wanasema nina moyo wa bati. Nikiwa kazini sibishi.

Kilimo nilisomea Kenya, katika chuo kimoja karibu na mji wa Embu. Baba alikuwa na jamaa aliyemwambia kwamba kule nidhamu ni kali na wasichana hawapotezi muda, basi akanifungia safari. Nikapangwa chumba kimoja na wasichana wawili. Mmoja alitoka Kibirichia, juu kabisa huko Meru, mahali ambapo maji ya kunawia asubuhi yanauma vidole. Alikuwa mrefu, mkimya, na akikasirika alizidi kuwa na adabu. Wa pili alitoka Ishiara, bondeni Mbeere, kwenye joto na ndengu, ambazo kwetu ni choroko, na mbuzi. Huyo alikuwa mfupi, na mdomo wake haukuwa na likizo. Wao kwa wao walielewana kwa lugha za kwao, maana Kimeru na Kimbeere vinapishana kidogo tu. Nikiingia chumbani walihamia Kiswahili, wakacheka kila nilipofungua mdomo, eti naongea kama redio. Jina langu walilisahau wiki ya kwanza. Nilikuwa Mtanzania, na mpaka leo ni Mtanzania.

Likizo fupi hazikunitosha kwenda nyumbani na kurudi. Basi wa Kibirichia akanichukua kwao. Mara ya kwanza nilibeba kikapu, kile wanachokiita kiondo, nimetia sukari na majani ya chai kwa ajili ya mama yake. Mama alikipokea kwa mikono miwili, akaenda nacho jikoni, na hatukukiona tena mpaka siku ya kuondoka. Siku hiyo alikirudisha kimejaa viazi hadi kwenye mkanda wa kushikia. Mimi, kwa heshima niliyofundishwa kwetu ya kutojionyesha mlafi, nikaanza kuvitoa kimoja kimoja na kuvirudisha mezani. Hapana mama, vinatosha, hivi vitatu vinatosha. Yule mama alinitazama. Rafiki yangu alinivuta nje kwa mkono.

"Unafanya nini?" akaniuliza.

"Nampunguzia."

"Unamrudishia chakula chake mbele ya macho yake. Hapa kiondo hakirudi kitupu, na chenye kimewekwa ndani mtu hapunguzi. Unabeba."

Nikarudi ndani nimeinamisha uso, nikavirudisha viazi vyote kwenye kiondo, na kimoja kikadondoka kikabiringika chini ya kabati. Mama akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa chini. Toka siku hiyo akawa ananiita binti yake, kwa Kimeru, na mimi nikawa naitika. Nilimaliza masomo nikiwa na mama wawili, mmoja wa kunizaa na mmoja wa viazi.

Na alikuwa mama wa viazi, waru kwa lugha yao, kwelikweli. Alikuwa na aina yake ya zamani, ngozi nyekundu, ndani manjano, ambayo sokoni haina jina na wachuuzi hawaitaki kwa sababu viazi vyake ni vidogo. Yeye hakujali. Viazi vikitoa maua, alipita shambani na mzigo wa vijiti, amevaa koti kuukuu la marehemu mumewe, akichomeka kijiti kando ya kila shina lililomridhisha. Mashina yenye vijiti hayakuguswa siku ya kuvuna. Yalichimbwa peke yake, na hayo ndiyo yalikuwa mbegu ya msimu unaofuata. Sisi tulikuja kufundishwa jambo hilo hilo mwaka wa pili, kwa picha na maneno makubwa, kama kitu kipya kilichogunduliwa. Tuliporudi likizo tukamweleza mama, na karatasi tukamwonyesha. Alisikiliza mpaka mwisho, akatukaribisha chai, kisha akachukua vijiti vyake akaenda zake.

Miaka miwili iliyopita yule mama alifariki. Ujumbe ulinifikia Jumanne, mazishi yakiwa Ijumaa. Nilituma rambirambi kwa simu na maneno marefu ya kusema kwamba nimenyimwa ruhusa kazini. Nisiwafiche, sikunyimwa ruhusa wala sikuomba. Wiki ile nilikuwa nimepangiwa semina Dodoma, hoteli nzuri, cheti mwishoni, na posho nilikuwa nimeshaipangia matumizi. Nilijiambia kwamba safari ya Meru ni mbali, kwamba mpaka ni usumbufu, mimi ninayefanya kazi mpakani. Nikaenda Dodoma.

Baada ya hapo simu za wa Kibirichia zikawa fupi. Heri ya Krismasi. Asante. Amina. Nikajifanya sioni. Miaka ikaenda hivyo, mpaka wa Ishiara akanipigia siku moja nikiwa zamu, na hakusalimu.

"Mtanzania, mimi nimechoka kubebea watu salamu. Kuna kitu chako huko Kibirichia. Mama alikuachia. Nimeomba nipewe nikuletee, nimekataliwa, ati mpaka uje mwenyewe. Kama hutaki kuja sema, nimwambie akitupe, na mambo iishe."

"Kitu gani?"

"Njoo uone na macho yako."

Nikaomba Ijumaa na Jumatatu. Safari hii niliomba.

Nilimkuta wa Ishiara ananingoja Embu mjini, amekaa juu ya gunia lake la ndengu mbele ya duka la mtu kana kwamba duka ni lake. Siku hizi ni mfanyabiashara wa ndengu, amenenepa, amependeza, na kelele haijapungua. Alinikumbatia, akanisukuma mbali anitazame, akasema nimezeeka vibaya. Kisha akafungua kiondo changu bila ruhusa. Mchele wa kwetu, uliokobolewa. Majani ya chai ya pakiti. Doti ya khanga. Sukari.

"Hata zawadi umeikagua," akasema. "Hakuna kitu hapa inaweza kuota."

Tulifika Kibirichia alasiri, kukiwa na ukungu na baridi ile niliyoisahau. Rafiki yetu alitoka nje kutupokea. Wa Ishiara alikumbatiwa mpaka akainuliwa. Mimi nilipewa mkono.

"Karibu mgeni," akaniambia. "Pole na safari."

Alikuwa na adabu kabisa. Kiti kizuri nilipewa mimi, na maziwa mengi zaidi yaliingia kwenye chai yangu. Alichukua kiondo changu kwa mikono miwili kama mama yake alivyokuwa akifanya, akakipeleka jikoni. Kila nilichosema alikijibu. Kila nilichouliza alinieleza. Nilitamani anitukane.

Jumamosi asubuhi tulikwenda kaburini, sisi watatu. Mama amelazwa pembeni mwa shamba lake, na viazi vilikuwa vimetoa maua mpaka karibu na kaburi, na katikati ya maua kulikuwa na vijiti. Nilipoviona vile vijiti nilingoja machozi, hayakuja. Nilisimama pale mkavu, na nikaona haya kuliko kama ningelia. Nikaona heri niseme.

"Sikunyimwa ruhusa," nikamwambia. "Ile Ijumaa. Nilikuwa semina."

"Najua," akasema. "Uliweka picha."

Kweli, niliweka. Kundi letu lote mbele ya hoteli, tumevaa fulana zinazofanana, nacheka meno yote nje. Niliiweka jioni ya Ijumaa ile ile ili watu wangu waone. Yeye alikuwa ametoka kumzika mama yake, akafungua simu kusoma pole za watu, akanikuta nacheka. Miaka miwili mimi nilikuwa nazunguka na uongo wangu nikidhani nimeuficha, kumbe mwenyewe aliujua tangu siku ya kwanza.

"Nisamehe," nikasema.

Aliinama akang'oa gugu moja kwenye kaburi, halafu lingine.

"Si mimi ulikosea," akasema. "Njoo nikupe kitu yako."

Nyuma ya nyumba ana banda la kuchipushia mbegu, lenye vichanja vya mbao na mwanga hafifu, kazi safi ambayo mwalimu wetu angejivunia. Kwenye kona, peke yake, kulikuwa na kiondo cha mama. Nilikijua kwa mkanda wake wa ngozi ulioshonwa mara mbili. Kilikuwa kimejaa vile viazi vyekundu, vimechipua vizuri, machipukizi mafupi, manene, ya zambarau. Akanieleza bila haraka. Msimu wake wa mwisho mama hakuweza kutembea. Aliwekewa kiti pembeni mwa shamba, akawa ananyoosha fimbo: chomeka pale, chomeka pale. Halafu akaomba aletewe kitambaa. Akakichana vipande, akasema mashina yale na yale na yale yafungwe kitambaa chekundu kwenye kijiti. Hayo ni ya binti yangu wa Tanzania, alisema. Yachimbwe kando, apewe mbegu akapande kwake. Alikufa kabla ya kuvuna.

"Nimezipanda kando tangu wakati huo," rafiki yangu akasema. "Zenye zinazidi tunakula. Kiondo kimoja naweka. Beba."

Akakiinua, akakiweka mikononi mwangu.

Ningeweza kusema mambo mengi. Ningeweza kunyamaza. Lakini mdomo wangu una mazoea yake, na ulifunguka kabla yangu, na sauti iliyotoka ilikuwa ile ya nyuma ya meza ya chuma.

"Mbegu haivuki."

Aliniangalia kana kwamba hakusikia.

"Siwezi kuipitisha," nikaendelea, na kila neno likawa linanizamisha zaidi. "Haina cheti, haijapimwa, imetoka shamba la mtu binafsi. Kama ina mnyauko..."

"Shamba la mama yangu halijawahi kuwa na mnyauko."

"Sijasema linao. Nasema haijapimwa."

Wa Ishiara, aliyekuwa mlangoni, akaona aingilie. "Ngojeni kwanza. Si ni wewe polisi wa waru hapo mpakani? Sasa nani atakushika? Jikague, ujipe ruhusa, upite."

Na hapo nikaelewa walivyokuwa wamefikiri, wote wawili, miaka yote miwili. Kwamba kati ya watu wote ambao mama angeweza kuwaachia mbegu ng'ambo ya mpaka, amepatikana mmoja ambaye haitamsumbua kuipitisha, kwa sababu lango ni lake. Kwao lilikuwa jambo la bahati. Kwangu, mimi ndiye mtu pekee katika Afrika Mashariki nzima asiyeweza kubeba kile kiondo. Mtu mwingine angekificha chini ya kiti. Mimi kila nikifungua mzigo wa bibi wa watu ningekiona.

Nikajaribu kuwaeleza hivyo. Nikawaeleza habari za mashamba niliyoyaona. Wa Kibirichia alisikiliza yote, maana na yeye alisoma yale yale niliyoyasoma, na alijua kwamba sisemi uongo. Hilo ndilo lililomuuma. Angekuwa hajui, angenikasirikia na yakaisha.

"Basi zipande hapa," nikasema. "Ziendelee kuwa zangu, hapa hapa kwako."

"Misimu minne nimezipanda," akasema taratibu. "Kila msimu naambia wafanyakazi, hii mistari msiguse, iko na mwenyewe. Wananiuliza mwenyewe ni nani, mbona haji. Sasa umekuja. Msimu wa tano nitawaambia nini? Kwamba amekuja, ameona, ameacha?"

Akachukua kiondo mikononi mwangu, akakirudisha kwenye kona, akakitazamisha vizuri kama kilivyokuwa. Kisha akasema chakula kiko tayari, twende tusikipoze. Tulikula mukimo mchana ule, viazi na mahindi na majani ya maboga yamepondwa pamoja, mtamu jinsi nilivyoukumbuka, na hakuna aliyesema mukimo ni mtamu. Nilivirudisha viazi vya yule mama mezani kwa mara ya pili, na safari hii hakuwepo wa kucheka.

Alasiri niliomba nisaidie kazi yoyote, nikapewa kusugua madebe ya maziwa. Nikayasugua. Jioni tulisali pamoja kabla ya kulala, naye katika sala yake akaniombea safari njema ya kesho. Alisema mgeni wetu. Nililala nikiwa nimekata tamaa, nisiseme uongo. Niliona kwamba nimempoteza, na kwamba sheria iko upande wangu, na kwamba sheria kuwa upande wangu hainisaidii kitu.

Jumapili niliamshwa na harufu ya moshi. Kulikuwa kumepambazuka. Nikajifunga khanga mbili juu ya sweta, nikaenda jikoni, lile la kuni lililo peke yake uani. Wa Ishiara alikuwa ameketi kwenye kigoda karibu na moto, mikono imekunjwa. Motoni kulikuwa na sufuria ile kubwa inayotolewa siku za sherehe, imefunikwa kwa gunia safi na kifuniko juu yake. Wa Kibirichia alikuwa amechuchumaa akiingiza kuni. Kando yake kiondo cha mama kilikuwa kitupu, na machipukizi ya zambarau yalikuwa yamerundikwa kwenye ungo, yamevunjwa moja moja.

Nikafunua sufuria. Mvuke ukanipiga usoni. Vilikuwa vinachemka na maganda yake, vyekundu, vyote.

"Umefanya nini?" nikamuuliza.

"Si ulisema mbegu haivuki?"

"Umezichemsha zote? Hujabakiza hata moja?"

"Zote. Mbegu yangu ninayo, ile ingine. Hizi zilikuwa zako." Akasukuma ukuni ndani, akajifuta moshi machoni. "Chakula kilichoiva kinavuka?"

Ilibidi nijibu kama mkaguzi, maana aliuliza kama anayetaka jibu. "Kinavuka."

"Basi. Mama alisema upewe. Hakusema upewe mbichi."

Nilitafuta mahali pa kukaa nikakosa, nikakaa chini kwenye majivu. Mkulima wa mbegu, misimu minne, amezitenga, amezipalilia, amezilinda zisichanganyike, na usiku mmoja baada ya kuniona nakataa, ameamka akazivunja macho kwa mkono wake akazitia kwenye maji ya moto. Nami najua mbegu ni kitu gani. Sihitaji kuambiwa.

"Siku ya mazishi tulipika hivi," akasema, na sasa hakuwa ananitazama. "Na maganda, chumvi tu. Alikuwa amesema mwenyewe, watu wangu wakija wasipewe wali wa wapishi wa kukodi, wapewe waru zangu. Kila mtu alikula. Hata wenye walikuja kuangalia tu. Wewe ndiyo hukukula. Nimekaa na sehemu yako hapa mpaka nimechoka."

Hapo ndipo nililia. Nililia kwa sauti, nikiwa majivuni, na yeye akaja akachuchumaa mbele yangu, akanishika kichwa, na akalia pia. Wa Ishiara akasema sisi wawili tutazima moto. Lakini na yeye alikuwa anapenga kamasi kwa ncha ya leso.

Vilipoiva tukavimwaga maji, vikakauka. Wa Kibirichia alikuwa ameshakata majani ya mgomba kwa jirani wa bondeni, makubwa, mazuri, akayatandika ndani ya kiondo cha mama. Akaanza kupanga viazi. Alipofika safu ya pili akasimama, kiazi mkononi, akanitazama.

"Na hili jani?"

Nikajaribu kunyamaza. Nilijaribu kweli.

"Halivuki," nikasema.

Kisha wa Ishiara akaanza, ile sauti yake ya kicheko inayotoka tumboni, na wa Kibirichia akaweka kiazi chini, akakaa, akacheka mpaka akashika ubavu. Alicheka hasa kama mama yake. Tukavitoa vyote, tukayatoa majani, tukatandika taulo. Na wakati anapanga upya nilimsikia akisema peke yake, huyu mtu, huyu mtu, lakini huyu mtu. Alikijaza kiondo hadi kwenye mkanda wa kushikia. Sikupunguza hata kimoja.

Waliniaga Meru mjini, wote wawili wamesimama kando ya basi na mizigo ya watu ikipita juu ya vichwa vyao. Wa Kibirichia aliniambia kiondo ni cha mama, nisije nikakipoteza, kirudi. Nikamuuliza kirudi lini. Akasema vijiti vinachomekwa maua yakitoka, na mtu wa kunichomekea hana tena, kwa hiyo nitakuja kuchagua mwenyewe kama nataka vya kula msimu ujao. Mkono hakunipa. Alinikumbatia.

Nililala Nairobi kwa binamu yangu, na Jumatatu adhuhuri basi likafika mpakani. Nilishuka na abiria wengine, nikapanga foleni. Zamu ilikuwa ya mwenzangu, mtu mzima anayekaribia kustaafu, niliyefanya naye kazi tangu nianze. Alipenda sana kuniona upande ule wa meza. Akavaa glavu taratibu, makusudi, akauliza kwa sauti ya kuwasikilizisha watu: umebeba mmea wowote, mbegu yoyote, udongo wowote?

"Viazi," nikasema.

Tabasamu likamfutika usoni. Akakifungua kiondo, akachukua kimoja, akakichoma kisu kidogo kama ninavyofanya mimi, kisu kikaingia bila shida mpaka upande wa pili. Akachoma kingine cha katikati. Akachoma cha chini kabisa. Alifanya kazi yake sawasawa, na nilimshukuru.

"Vimeiva," akasema. "Lakini dada, viazi vilivyopoa, toka Meru mpaka hapa? Hapo nje si vinauzwa vya moto?"

"Ni vya msiba."

Akaweka kisu chini. Akavua glavu, zote mbili. "Pole sana. Umefiwa na nani?"

"Na mama."

Aliniangalia, na najua alijua kwamba mama yangu yuko hai, maana huja ofisini kila mwezi kunitafuta. Hakuniuliza zaidi wala hakuniuliza lini. Alichukua kile kiazi cha kwanza alichokichoma, akakigawa kwa vidole, nusu akanipa mimi. Tukala tumesimama pale pale mezani, na maganda yake, huku foleni ikingoja.